Mzima Namba Ishirini

Ukoo wote ulimwita Mjomba Ini, na alishaacha kununa. Jina lilimganda kwenye harusi ya mpwa wake, alipopewa kipaza sauti awape maharusi maneno mawili matatu ya busara, naye akazungumza robo saa nzima juu ya mafuta yanavyojikusanya kwenye ini. Bwana harusi alirudisha nyama sahanini. Tangu siku hiyo watoto wa ukoo wakimwona anashuka kwenye gari huficha chipsi.

Alikuwa mtafiti wa saratani na magonjwa ya ini katika hospitali kubwa iliyoungana na chuo. Mtu wa miaka hamsini na tatu, mfupi, mwenye kitambi cha kiofisi na orodha ya machapisho yenye makala themanini na moja. Orodha hiyo ndiyo ilikuwa kioo chake. Kila makala ikitoka aliongeza mstari, akaichapa yote upya, akaisoma tangu juu hadi chini, kama mtu anayepapasa mifuko kuhakikisha funguo zipo.

Hata hivyo hakuwa amejidanganya sana. Akiamka vizuri, alikuwa wa kwanza kujicheka. Alijua kwamba karibu nusu ya makala zile aliingia kwa mlango wa uani. Watu wa kazi yake wana desturi yao: nitie kwenye yako, nikutie kwenye yangu. Moja alitiwa kwa kuwa aliazimisha friji. Nyingine alitiwa kwa kuwa alipita mlangoni wenzake wakipanga majina, wakaona haya kumruka. Na kuna siku, mkutanoni, mgeni mmoja alimshika mkono akaanza kumweleza makala fulani juu ya makovu ya ini. Naye akaisifu kwa moyo wote, akauliza imeandikwa na nani. Mgeni akamfungulia ukurasa. Jina lake lilikuwa la tano.

Iliyombeba ilikuwa moja tu, nayo aliiandika mwenyewe miaka kumi na mitano nyuma. Kuna protini katika damu ambayo hupanda ini linapoanza kuota saratani. Alichukua damu ya wagonjwa sitini na ya watu ishirini wazima, yaani wasio na ugonjwa wowote, akazilinganisha. Kwenye mchoro, wagonjwa walitapakaa huko juu na wazima wakajikunyata chini, wote isipokuwa mmoja. Nukta yake ilijitenga, imeinuka kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye kikao ambacho wengine wote wamekaa.

Mwingine angeuliza, huyu ni nani? Yeye aliiandikia aya nzima. Alisema kwamba hata mtu mzima kabisa anaweza kupandisha protini hii kidogo, kwa sababu zisizojulikana, na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Aya ile ikapata miguu. Katika nchi asizowahi kuzikanyaga watu walianza kuchunguza hizo sababu zisizojulikana. Mmoja alisema ni umri, mwingine akasema ni usingizi mdogo, wa tatu akapanda jukwaani na picha za panya. Mjomba Ini mwenyewe aliandika makala sita zaidi juu ya nukta ileile, na kila moja aliifunga kwa maneno yaleyale, utafiti zaidi unahitajika, kama fundi anayeacha uzi mmoja ukining'inia ili mteja arudi.

"Nukta hiyo ndiyo itakupa uprofesa," mkuu wa kitivo alimwambia. Jopo la kupandisha vyeo lilikuwa likae Alhamisi. Mkewe, ambaye ni fundi wa kushona, alishaanza kukata joho.

Jumatatu ya wiki hiyo daktari kijana wa maabara yake aliingia ofisini na kompyuta kifuani. Walimwita Binti Takwimu, kwa kuwa hata ukimsalimia habari za asubuhi, hujibu kwa asilimia. Wahakiki wa makala ya themanini na mbili walikuwa wametaka damu zile za zamani zipimwe tena kwa vipimo vya kisasa, na chupa zilikuwa bado zimelala kwenye friji la barafu.

"Mwalimu, tumempata yule wa nukta," alisema. "Mzima namba ishirini. Hakuwa mzima. Ana kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Na kingi."

Mjomba Ini alivua miwani. "Wazima wote tuliwapima kirusi."

"Kumi na tisa. Huyu wa ishirini sioni popote kwamba alipimwa."

"Basi nukta yangu…"

"Ni mgonjwa wa ini, mwalimu. Protini ilipanda kwa sababu inayojulikana."

Aliona makala saba zikimtoka mkononi. Lakini alikuwa na moyo mwema, na moyo mwema ukichanganyika na kupenda kuhutubia huzaa maneno mengi. Alisimama. Akamwambia binti yule kwamba uprofesa si kitu, cheo ni nguo tu. Kwamba huko nje yuko mtu anabeba kirusi mwaka wa kumi na tano hajui, ini linaliwa taratibu, pengine ana mke, pengine ana watoto. Lazima atafutwe. Aambiwe, atibiwe, na mkewe apimwe. "Mtu wa namna hiyo," alisema, kidole juu, "ndiye asiyependa kupima. Ninawajua. Anajiona ana afya kwa kuwa anapanda ngazi."

"Sasa tutampataje, mwalimu? Majina hatunayo. Kibandiko cha chupa kina umri, jinsia na kundi la damu tu. Mwanamume, miaka thelathini na minane, AB hasi."

"AB hasi ni wachache sana. Tutampata. Tafuta."

"Nimetafuta kwa wachangia damu, hayumo. Kama bado yupo hai, leo ana hamsini na tatu."

"Maskini," alisema Mjomba Ini, na alimwonea huruma kwelikweli.

Jioni alirudi nyumbani akiwa bado na huruma hiyo. Mkewe alimsimamisha katikati ya chumba cha cherehani, kati ya kioo kirefu na rundo la sare za shule za watu, ili ampime shingo. Futi ilikuwa imemning'inia mabegani, pini tatu mdomoni.

"Baba Pacha, vua hicho kitambulisho, kinanizuia."

"Vua wewe, mikono yangu umeshaiweka kama ya askari wa barabarani."

Alimvua utepe shingoni, akakitazama kitambulisho cha kazi kama watu wanavyotazama picha ya mtu wao. "Hapa ulikuwa na shingo," alisema kupitia pini. Kisha akakigeuza. "Kumbe damu yako AB hasi? Miaka yote hii nalala na mtu simjui hata kundi."

Mkono wa Mjomba Ini ulishuka wenyewe. Kundi hilo alipimwa siku ya kuajiriwa, hakulikumbuka tena.

Ikamjia yote kwa mpigo. Walijitokeza wazima kumi na tisa. Wa ishirini, mlinzi wa geti, aliiona sindano akakumbuka kwamba ameacha geti wazi. Jarida lilikuwa limeweka siku ya mwisho. Naye, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye haraka ya kupanda, alikunja shati akanyoosha mkono wake mwenyewe. Chupa ikapewa namba na mtu mwingine, ili kusiwe na upendeleo. Wale kumi na tisa walipimwa kirusi kwanza. Yeye hakujipima, maana nani asiyejua kwamba mtafiti ni mzima? Na chupa hakuiangalia tena. Mtafiti mkubwa haangalii chupa, huangalia majedwali.

"Simama wima," mkewe alisema. "Unapinda kama mshumaa."

"Niache kidogo, Mama Pacha. Kuna kitu natakiwa kusoma."

Aliingia chumba cha pili akafungua orodha yake. Huku nyuma ya ukuta cherehani inakimbia, yeye alizisoma makala zake kwa namna ambayo hakuwahi kuzisoma, si kama mwandishi, ila kama mgonjwa anayetaka kujua kesho asubuhi afanye nini. Aliona kwamba ameandika vitu vingi sana. Alikuta mchoro wake mmoja wa kupendeza unaoonyesha wenye kirusi wasiotibiwa wanavyoingia kwenye saratani mwaka hadi mwaka, mstari ukipanda polepole. Akaweka kidole kwenye mwaka wa kumi na tano, akakiondoa haraka kama aliyegusa pasi. Alikuta makala yenye maneno ishirini ya kueleza kwamba mgonjwa alifariki bila kutumia neno kufa. Alitafuta mahali palipoandikwa: ndugu, ukijikuta na hali hii, nenda mlango fulani, meza dawa fulani, usiogope. Hapakuwapo. Makala themanini na moja, na kila aliyoifungua ilimfikisha ukingoni ikamwacha hapohapo na maneno yale yale.

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alikuwa mlangoni, joho begani, limepata mkono mmoja.

"Unasoma nini umetoa jasho hivyo?"

"Najisoma mwenyewe."

"Ndiyo maana." Alikaa kwenye mkono wa kiti. "Haya, sema. Sura hiyo ulikuwa nayo siku ile ulipogonga gari la kaka yangu."

Alimweleza. Alianza na protini, akaenda kwenye mchoro, akazunguka kwa wagonjwa sitini, hata mkewe akamkata: "Baba Pacha. Mimi si jopo."

"Nina kirusi cha homa ya ini. Nimekaa nacho miaka kumi na mitano, pengine tangu utotoni. Huenda ini limeshaharibika. Huenda kuna kitu kimeota. Na huenda nimekuambukiza."

Mkewe alichomoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye joho; ya pili hivyohivyo.

"Na watoto?"

"Pacha walichanjwa walipozaliwa. Nilisimamia mwenyewe."

"Uliwachanja watoto. Ulimpeleka dada yangu akapimwa. Harusini ulimpima bwana harusi kwa macho. Wewe ukawa unasubiri nini?"

"Nilijua mimi ni mzima."

"Ulijua kwa kipimo gani?"

Akasema lile lililokuwa karibu na ulimi. "Utafiti zaidi unahitajika."

Mkewe alimtazama, kisha akacheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani yake. "Kesho asubuhi," alisema. "Mimi na wewe. Na ukianza kumfundisha nesi kazi, naondoka."

Kliniki ya ini ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo alilofanyia kazi miaka ishirini, na hakuwahi kuingia kwa mlango ule. Aliwajua watu wake kama namba tu. Sasa alikaa nao kwenye benchi la mbao, mgongo ukutani, chini ya bango juu ya ini aliloliandika yeye. Mzee mmoja pembeni yake alikuwa analisoma kwa kusogeza midomo. Alipofika mwisho alimgeukia.

"Bwana mkubwa, umeelewa hapo wanatwambia nini?"

Mjomba Ini alilisoma bango lake upya, kwa makini, mara mbili. "Hapana," alisema.

"Afadhali. Nilidhani ni mimi."

Mkewe alijifanya anakohoa.

Waliwatoa damu wote wawili, kisha yeye akaitwa kwenye chumba cha ultrasaundi. Mpiga picha alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kukaguliwa."

Kijana hakuuliza zaidi. Alimlaza, akampaka ule ute wa baridi tumboni, akaanza kupitisha kifaa chini ya mbavu. Taa ilikuwa imezimwa, na skrini ikawaka rangi ya majivu. Mjomba Ini aligeuza shingo. Alikuwa ameandika makala kumi na moja juu ya vivimbe vya ini, vipana na vyembamba, vyenye kingo na visivyo na kingo. Na sasa, akiwa amelala ubavu, shingo imepinda kama ya kuku, akakiona. Doa jeusi, la mviringo, limetulia pembeni mwa ini lake, kubwa kama yai la njiwa.

Aliwaza joho lile lenye mkono mmoja. Aliwaza Pacha. Alishangaa kwamba hakuwaza hata makala moja.

"Nimekiona," alisema.

"Umeona nini, mwalimu?"

"Hicho. Usinifiche. Kina sentimita ngapi?"

Kijana alitazama skrini, akamtazama mwalimu wake, akatazama skrini tena. Ilionekana anatafuta njia ya heshima. "Mwalimu," alisema taratibu, "hiyo ni nyongo."

Mjomba Ini aliinua kichwa.

"Nyongo yangu?"

"Yako. Nzuri tu, haina hata kijiwe. Naomba usiangalie skrini, unanitisha hata mimi."

Alilala akitazama dari, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akamwacha mtu afanye kazi bila maelezo. Kifaa kilipita, kikasimama, kikarudi. Mwisho kijana aliwasha taa akampa karatasi ya kujifutia. Uvimbe haukuwapo. Ini lilikuwa limekakamaa kiasi, makovu yameanza. Si ini la kujivunia, lakini ni ini ambalo bado linaweza kuokolewa. Dawa kila siku, picha kila miezi sita, na kitambi kipungue.

Mkewe alipewa majibu yake mlangoni pa maabara. Mwili wake ulishawahi kukutana na kirusi kile, ukakishinda, na sasa una kinga. Alisomewa, akaomba asomewe tena, akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. Walipofika kwenye ngazi ndipo alipoegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe mimi nilikifukuza," alisema, "wala sijaandika hata makala moja."

"Nitakuweka jina la kwanza."

"Niweke nje kabisa."

Jumatano alimpigia simu mkuu wa kitivo na kumweleza kila kitu. Mkuu alishusha sauti.

"Hakuna mtu anayejua ni damu yako, si ndiyo? Sahihisha baada ya Alhamisi. Siku mbili haziui mtu."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Miaka kumi na mitano."

"Jopo litaahirisha. Labda mwaka."

"Ini limeahirisha zaidi ya hapo. Wapo watu huko wanakesha na panya kwa ajili ya ini langu, bwana mkuu. Niwaambie walale."

Jopo liliahirisha. Masahihisho yalikuwa nusu ukurasa. Binti Takwimu alikaa naye kuyapanga, na walipofika kwenye mstari wa majina alimuuliza waandishi ni nani. Wale wenzake saba wa makala ya kwanza, waliowahi kugombana nani atangulie nani, safari hii kila mmoja aliandika kwa unyenyekevu kwamba mchango wake haukuwa mkubwa kiasi hicho. Likabaki jina moja. Hakuwahi kuliona limekaa peke yake, lilionekana jembamba.

Kisha mhariri wa jarida akamrudishia. Kwa kuwa maelezo yanamtambulisha mgonjwa, aliandika, mwandishi lazima apate ridhaa ya maandishi ya mgonjwa huyo, baada ya kumweleza kwa lugha anayoielewa.

"Hapo kwenye lugha anayoielewa," alisema Binti Takwimu, "patakuchukua muda, mwalimu."

Palimchukua kweli. Alitumia mchana mzima kuandika ukurasa mmoja wa kujieleza: una nini, mlango gani uende, dawa gani umeze, usiogope. Alipoumaliza alitia sahihi kama mtafiti, akageuza akatia sahihi kama mgonjwa. Halafu akashuka ghorofa ya chini na gundi, akaubandika juu ya bango lake la zamani. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye benchi alisogea akausoma, akaenda moja kwa moja kwenye mlango uliotajwa. Mjomba Ini alibaki amesimama na gundi mkononi. Makala ile haikuwa na namba, na alishindwa aiweke wapi kwenye orodha.

Jumapili baada ya chakula alimeza kidonge mbele ya mkewe, kama alivyoagizwa, akafungua mdomo kuonyesha kimeshuka. Joho lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, mkono mmoja upo, wa pili ni kitambaa na chaki.

"Nilimalizie?" mkewe aliuliza.

"Mwaka mzima bado. Litaliwa na nondo."

Mkewe aliichukua futi, akamzungusha kiunoni, akasoma, akatikisa kichwa. Daktari alisema kitambi kipungue. Aliishika futi palepale kwa kidole gumba, akaichora alama ndogo kwa kalamu.

"Hapa ndipo tulipo," alisema. "Nitakupima tena mwezi ujao. Sikati kitu mpaka nione unaelekea wapi."